Gitaa Lililongoja Kuitikiwa

Umeme ulikatika katikati ya wimbo, lakini gitaa likamalizia.

Aliyelisikia ni Severina peke yake. Mashine ya kukamua alizeti ilizimika kwa mguno wake wa kawaida, mkanda ukazunguka kidogo ukasimama, na taa nyekundu ya sabufa pale barazani ikafa. Wanawake waliokuwa wakipepeta uani waliguna kama watu wa Nduguti wanavyoguna umeme ukikatika, yaani bila hata kuinua macho. Na ndani ya ukimya ule, kutoka kwenye spika isiyo na umeme, gitaa likavuta uzi mmoja, likaupandisha juu polepole, likautetemesha, kisha likaushusha taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji asiyetaka imwagike.

"Mmesikia?" Severina aliuliza.

"Umeme umekatika, tumesikia," Rahel alisema. "Au wewe kwenu hukatika kwa barua?"

Wenzake wakacheka. Severina akarudia ungo wake, lakini alibaki akiitazama ile spika, na alihisi harufu ya waya unaoungua, ingawa hapakuwa na kitu kilichokuwa kinaungua.

Albamu iliyokuwa ikipigwa ililetwa na Emilian, fundi wa mashine. Alipewa flashi na mhudumu wa nyumba ya wageni, aliyeikuta chini ya kitanda baada ya wachimba visima kuondoka. Nyimbo zote zilikuwa za mtu mmoja, za Kiingereza, na hazikuwa za zamani, maana sauti ilikuwa safi mpaka unamsikia mwimbaji akimeza mate. Emilian alisema muziki ule unaitwa bluzi, bluzi ya gitaa la umeme, na kwamba tangu azaliwe hajasikia kitu kinachomsema yeye namna ile. Rahel akamuuliza kinamsemaje wakati Kiingereza hakijui. Emilian akajibu kwamba mtu akilia msibani huulizi analia kwa lugha gani.

Na kwa kweli ilikuwa nzuri. Hata Severina, ambaye baadaye aliichukia kuliko mtu yeyote, hakuwahi kusema kwamba ilikuwa mbaya. Ngoma ilitembea polepole kama mtu anayerudi shambani na mzigo. Sauti ilisema neno lake, kisha ikalirudia lilelile, kama mtu ambaye mara ya kwanza hakusikilizwa. Severina alikuwa amefika kidato cha pili, akawa anaokota maneno mawili matatu: kuna mtu amegonga mlango, kuna mtu amesimama barabarani. Halafu sauti ilinyamaza na gitaa likajibu, na lile gitaa lilisema yote ambayo sauti ilishindwa kuyasema. Wanawake wa pale uani walikuwa wamezoea kusema jambo mara mbili bila kujibiwa. Walipomsikia mwenzao wa mbali naye anasema mara mbili, na safari hii anajibiwa, wakaishika albamu ile kama jamaa yao.

Kosa lao lilianzia kwenye adabu. Kule kwao watu hawapepeti kimya. Mmoja huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na kumwacha mwenzako na wimbo mdomoni bila wa kumwitikia ni aibu kubwa. Bibi zao walisema umemtupa porini. Sasa, katika albamu ile kulikuwa na wimbo mmoja, wa tano, ambao ulikuwa kama mingine isipokuwa kwa jambo moja. Mwimbaji alipokwisha kurudia neno lake, gitaa halikujibu. Ngoma iliendelea kutembea peke yake, nafasi ikabaki wazi, na ungesema kuna mtu amesimama ndani ya nafasi ile anangoja.

Rahel ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja mchana, nafasi ilipofika, aliinua ungo akaitikia kwa Kinyiramba, akamwimba mumewe aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu akaoa mwingine. Wenzake walicheka mpaka alizeti zikamwagika. Kisha gitaa likaingia, na likaurudisha wimbo wa Rahel vilevile alivyouimba, kila pindo na kila kona.

"Limekubali!" alisema Rahel.

Kesho yake karibu kila mtu alikuwa na lake la kuimba.

Severina hakuitikia. Tangu siku ile ya umeme alikuwa akiiogopa ile spika, na zaidi ya hapo, kilichokuwa moyoni mwake hakikuwa kitu cha kupeana na watu. Baba yake alipofariki, neno la mwisho nyumbani kwao lilihamia kwa baba mdogo, Antipasi. Masika moja mdogo wake Severina, Elisha, alishikwa na homa. Mama yake, Magreth, alikwenda kuomba pikipiki ya Antipasi wampeleke mtoto hospitali. Antipasi akasema wangoje asubuhi. Mama akangoja, kimya, kama mke wa ndugu anavyotakiwa kungoja, na Elisha hakuiona asubuhi. Baada ya mazishi mama alilala kitandani akashindwa kuamka mpaka mavuno, na Severina akaacha shule ili amwoshe, ampikie na apalilie.

Mama alipoamka, aliamka na hasira. Hasira ile ndiyo iliyomsimamisha. Antipasi alikuwa ameshapanga Severina aende Rungwa kumlelea mke wake mdogo watoto, na kila mtu alijua anayekwenda kulea Rungwa harudi darasani. Ukoo ungekaa Jumapili baada ya ibada kulipitisha. Mbele ya kikao kile msichana hana mdomo. Mwenye mdomo ni mzazi wake.

"Kwa Elisha nilinyamaza," mama alimwambia. "Kwako sinyamazi. Watanisikia mpaka wafunike masikio."

Severina aliishi kwa maneno hayo. Alikuwa ameshaulizia shuleni, akaambiwa anaweza kupokewa tena muhula ukianza. Kilichobaki kilikuwa mdomo wa mama yake.

Aliyebadilika wa kwanza ni Rahel. Mumewe alirudi siku moja kutoka machimboni, hakurudi kukaa, alifuata cherehani. Ilikuwa cherehani ya Rahel mwenyewe, ndiyo iliyokuwa inawalisha watoto. Majirani walikusanyika wakijua leo kutakuwa na vita, na wakamkuta Rahel ameshika kamba, anamsaidia kuifunga nyuma ya pikipiki, na anamwonyesha mahali pa kukaza. Alikuwa anatabasamu. Severina alipomuuliza kulikoni, Rahel alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Kwani kuna nini?" alisema. "Cherehani ni chuma tu."

Severina alikimbia kwenda kumwambia mama yake, ambaye naye alipepeta pale uani, asiitikie wimbo ule. Mama alisema sawa. Lakini siku iliyofuata, wakati Severina amebeba gunia la mashudu kutoka kwenye mashine, wimbo wa tano ulianza, mwimbaji akasema neno lake, akalirudia, nafasi ikafunguka, na kabla Severina hajafika katikati ya ua alimsikia mama yake akimwimba Elisha. Aliimba homa, akaimba pikipiki iliyosimama ukutani usiku kucha, akaimba jinsi mkono wa mtoto ulivyokuwa moto halafu vuguvugu halafu si kitu. Gitaa likaingia, likamrudishia kila neno, tamu kuliko alivyolitoa, na Severina akaona mabega ya mama yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa kuni.

Jioni ile mama alisonga ugali huku akifuta mwiko kwa tambara la kijani. Severina alilitazama tambara lile mara ya pili. Lilikuwa sweta la Elisha.

"Mama, hilo ni sweta."

"Limechanika," alisema mama. "Linafaa kufutia."

Akaendelea kusonga, akavumisha ule wimbo. Alivumisha neno la kwanza, akalirudia, akaacha nafasi. Na kutoka pembeni, pale palipokuwa na majembe na debe tupu, ndani ya nyumba ambayo haikuwa na redio wala simu ya kupiga muziki, uzi mmoja ukavutwa, ukapanda polepole, ukatetemeka.

Severina alinong'ona, "Nani huyo?"

"Nani?"

"Anayekuitikia, mama."

"Si ni mwenzangu," alisema mama, akampakulia ugali, akampakulia na yule mwingine, sahani ya tatu, akaiweka pembeni pale kwenye majembe, na harufu ya waya unaoungua ikajaa jikoni mpaka ikashinda moshi wa kuni, na Severina akakaa pale na tonge mkononi bila kuthubutu kuigeuza shingo yake upande ule, akisikiliza kitu kikipumua kwa mwendo wa ngoma ileile ya kuchoka, na kila alipojaribu kusema neno la kikao na Jumapili na Rungwa, mama yake alimjibu kwa upole kwamba Rungwa kuna asali nyingi, na kwamba baba mdogo ni mtu mzima anajua analolifanya, na kwamba mtu hapaswi kujisumbua.

Tangu hapo Severina alihangaika kama kuku mwenye yai. Alikwenda kwa mwinjilisti wao, akamweleza kwamba mama yake amevamiwa. Mwinjilisti akauliza kama anaanguka, kama anapiga kelele, kama anakataa sala. Severina akasema hapana, ametulia tu. Mwinjilisti akamwambia amshukuru Mungu, maana wao wote walikuwa wakimwombea mama yule utulivu tangu msiba. Alikwenda kwa majirani, wakamwambia mama yako sasa anasalimia watu, wewe unataka alie? Alimwambia Emilian azime albamu. Emilian akasema ataizima baadaye. Wakati wanaongea, mkanda wa mashine ulimkamata kidole ukaondoka na ukucha. Emilian alikiinua kidole akakitazama, damu ikimchirizika mpaka kwenye kiwiko, akasema si kitu, akarudi kuongeza sauti.

Siku hiyohiyo Severina aliichomoa flashi akaitupa chooni. Aliporudi uani wimbo wa tano ulikuwa unaendelea. Hakuna aliyeshangaa. Alichomoa waya wa sabufa ukutani, akausimamisha mbele ya macho yao, wauone, wote wauone, na gitaa likaendelea, na Rahel akamwomba asogee, anazizibia alizeti jua.

Mwishowe alikwenda kwa Bi Sikudhani, nyuma ya mnada, ambaye hutoa majini kwa ubani na kisomo na ambaye hata Wakristo humwendea wakizunguka kwa nyuma. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza yote. Bi Sikudhani alikuwa anachagua mchele. Hakuacha kuchagua.

"Jini linataka nini?" aliuliza. "Kitambaa? Mafuta? Linasema linatoka wapi?"

"Halisemi, bibi."

"Na mgonjwa anasema anaumwa wapi?"

"Anasema yuko salama."

"Basi mgonjwa ni wewe." Alipuliza makapi. "Usinune. Mimi natoa jini kwa mtu anayelia aokolewe. Huyu wenu anakula uchungu wa watu, nao wanamshukuru. Nikienda pale na chetezo changu watanifukuza kwa nyungo. Nani amekutuma?"

Severina alianza kulia, kwa hasira kuliko huzuni. Alisema yeye hajatumwa na mtu, na kwamba Jumapili ni keshokutwa.

Bi Sikudhani aliacha kuchagua mchele. "Mmemwitikia wote?"

"Wote, isipokuwa mimi."

"Na yeye amewahi kuitikia wimbo wa kwenu? Siyo kurudisha alichopewa. Kuanzishiwa, akaitikia."

Severina akasema hapana, daima ule wimbo wa tano ndio unaoanzisha.

"Mnamlisha bila kumdai," alisema Bi Sikudhani. "Hata jini lina adabu za mahali lilipofikia. Ila nikwambie ukweli, mwanangu, ukifaulu hawatakupenda."

Jumamosi jua lilikuwa kali, lile jua la saa saba ambalo mbwa hutafuta uvungu na kivuli cha mtu huingia chini ya miguu yake. Mashine ilikuwa imepumzika. Wanawake walikuwa wamekaa duara juu ya maturubai, nyungo zinapanda na kushuka pamoja, na nyuso zao zote zilikuwa laini kama nyuso za watu waliolala. Wimbo wa tano ukaanza. Severina alishika ungo wake akaketi kando ya mama yake.

Mwimbaji alisema neno lake. Akalirudia. Nafasi ikafunguka, na safari hii ilifunguka upande wa Severina. Wote walikuwa wameshatoa, amebaki yeye. Alihisi kitu kimeinama mbele yake, karibu mpaka joto lake likamgusa paji la uso, na harufu ya waya ikamwingia mdomoni kama sarafu, na kile kitu kikangoja, na kungoja kwake kulikuwa kwa upole kuliko mtu yeyote aliyewahi kumngoja, kikamwambia bila sauti kwamba angetoa tu, daftari zilizoliwa na mchwa, wenzake waliopita barabarani na sare huku yeye ameinamia palizi, maji aliyomwosha mama yake miezi ile, usingizi asioupata, vyote hivyo vizito vya nini, angevitoa na kesho kwenye kikao angekaa ametulia, na Rungwa kuna asali, na mdomo wa Severina ukafunguka wenyewe.

Alichotoa ni wimbo wa bibi yake wa kupepetea uwele. Sauti yake haikuwa nzuri. Iligonga ngoma ile ya kuchoka ikaivuruga, na ndani ya wimbo wa bibi aliweka maneno yake: Elisha alikuwa na homa, nani alimnyima safari? Akarudia, Elisha alikuwa na homa, nani alimnyima safari? Kisha akanyamaza, akaacha nafasi.

Hakuna mwanamke aliyeitikia. Nyungo zilisimama hewani. Gitaa lilijaribu kurudia wimbo wake, na Severina akaanzisha tena juu yake, kwa nguvu zaidi, akaacha nafasi tena, akangoja, jasho likimwingia machoni. Alijua kwamba akisema neno jingine lolote sasa amekwisha. Ngoma ikajikwaa. Ikasimama. Uani pakawa kimya mpaka ukasikia alizeti zikipasuka kwa jua, na kimya kile kikarefuka, kikawa kizito, kikawa kama mtu anayebanwa mlangoni.

Kisha gitaa likaitikia.

Liliitikia kwa sauti ya mama yake. Si ile tamu, bali ile ya usiku wa homa, iliyopasuka, ikitaja pikipiki iliyosimama ukutani na mkono uliokuwa moto halafu vuguvugu. Ikafuata sauti ya Rahel, ya Emilian, na za wengine wote, zikitoka kwa fujo, zikikanyagana kama mbuzi waliofunguliwa zizi, mpaka spika ikatoa moshi, kitambaa chake kikachanika, na kitu kisichoonekana kikapita katikati ya duara kikizipindua nyungo, kikavuka ua kuelekea barabarani. Kutoka kwenye mashine Emilian akaanza kupiga yowe, ameshika kidole chake.

Wanawake walilia. Walilia kama siku ileile mambo yalipowapata. Rahel aliamka akamfuata Severina, amekunja ngumi, kisha akashindwa hata kumpiga.

"Cherehani yangu," alisema. "Mimi nilikuwa nimepumzika. Wewe mtoto, nani alikuomba?"

Wengine nao walimgeukia. Mmoja alimwita mchawi, na mwingine akasema mwenye mashine ataambiwa asimpe kazi tena. Severina alikuwa anamtazama mama yake tu.

Mama alikuwa amekaa na mikono kifuani, anayumba mbele na nyuma, analitaja jina la Elisha. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa ya kwake. Alisimama. Alimjia Severina akampiga kofi la shavu ambalo ua wote uliusikia mlio wake.

"Kilikuwa kimetoka," alisema. "Kilikuwa kimetoka chote, ukanirudishia."

"Ndiyo, mama."

Mama akafungua kanga yake kiunoni, akaikung'uta makapi, akaifunga upya kwa kuikaza. Akauliza leo ni siku gani. Severina akamwambia Jumamosi, kikao ni kesho.

"Siingoji kesho," alisema mama.

Walipofika kwa Antipasi alikuwa anaosha pikipiki uani, amepiga magoti. Aliinua mkono kuwakaribisha, akaanza kumuuliza shemeji yake habari za kazi. Mama hakuitikia. Alisimama juu yake, kivuli chake kikafunika pikipiki yote, naye Severina akakaa nyuma yake, shavu likimuwaka, akamsikia akivuta pumzi ndefu.